Mshipi wa Jumapili Kwenye Miamba ya Kigamboni

Mfanyakazi wa mjini hupanga mapumziko yake kwa kalenda ya ukutani: Jumamosi na Jumapili. Bahari haiijui kalenda hiyo. Yenyewe hufuata mwezi, na mtu anayetaka kuvua kwa mshipi kutoka mwambani hana budi kuzipatanisha kalenda hizo mbili kabla hajanunua hata ndoana moja.

Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kwenda mbali. Akivuka kwa kivuko cha Magogoni, au akipita Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016, ameingia Kigamboni, na njia ya kusini itamfikisha Mjimwema, Gezaulole na hatimaye Kimbiji. Gezaulole ndiyo Mbwamaji ya zamani, iliyoacha magofu na makaburi ya kale. Jina la sasa ni la Kizaramo, maana yake "jaribu uone", nalo lilikuja na kijiji cha ujamaa. Pwani hiyo si mchanga mtupu. Hapa na pale mchanga hukatizwa na mwamba wa kijivu wenye ncha kama chupa iliyovunjika. Hayo ni matumbawe yaliyokuwa hai enzi bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Maji yaliposhuka, yakabaki nchi kavu, mawimbi yakayachonga. Hapatembewi peku. Raba kuukuu zafaa kuliko kandambili.

Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, huja bamvua. Katika pwani yetu bamvua ina tabia ya kumfaa mwenye watoto: maji hupwa kabisa yapata saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa saa kumi au kumi na moja jioni, na tofauti hupita meta tatu. Juma moja baadaye ni maji mafu, ambapo bahari husogea kidogo tu kama mtu aliyechoka. Basi Jumapili ya kuchagua ni ile inayoangukia bamvua.

Asubuhi hiyo mwamba huwa wazi. Wanawake na vijana wa pwani huonekana mbali wakichokoa pweza mashimoni. Yafaa kununua mdogo mmoja kwao, kwani nyama yake ni ngumu na haiponyoki upesi kwenye ndoana. Kwangu mimi hakuna chambo bora. Vifaa vingine ni vichache: mshipi wa nailoni uliozungushwa kwenye kopo, ndoana ndogo, na jiwe badala ya chubwi. Jiwe lifungwe kwa uzi dhaifu kuliko mshipi. Likinasa mwambani, uzi utakatika na ndoana itapona.

Maji yanapoanza kurudi, samaki huyafuata, wakitafuta riziki mahali palipokuwa pakavu. Changu hudonoadonoa, na mkono usio na subira humpoteza. Chewa huvuta mara moja na kukimbilia shimoni mwake. Ukikawia huko nyuma, mshipi ni wake. Pengine hutoka bunju, naye hujitutumua kama mpira hadi watoto wakacheka. Arudishwe baharini upesi, kwa maana sumu yake haiondoki kwa kupikwa.

Ilikuwa katika saa kama hiyo tulipomwamkia mzee mmoja wa huko aliyekuwa akikunja mshipi wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mtarudi kwa njia ipi?"

Hakuuliza tumepata nini. Alituonyesha mfereji uliokuwa nyuma yetu, kati ya mwamba wetu na ufuko: asubuhi tuliuvuka pakavu, na sasa maji yalikuwa yakipita ndani yake taratibu. Bahari haimjii mvuvi kwa mbele tu. Huzunguka nyuma na kujaza mabonde ilhali mwamba anaosimama bado mkavu. Tena haipandi kwa mwendo mmoja. Katika zile saa sita za kujaa, saa ya kwanza ni ya pole. Saa ya tatu na ya nne hupandisha karibu nusu ya maji yote, yaani zaidi ya meta moja na nusu, kimo cha kumfunika mtoto. Na hizo, yaani tangu saa saba hivi mchana, ndizo saa ambazo samaki hula vizuri na watoto hawataki kusikia habari ya kuondoka. Baba au mama aamue mapema ni saa ngapi watahamia mwamba ulioungana na nchi kavu, na neno lake lisibadilishwe na changu mmoja zaidi.

Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi hupiga kwa nguvu na mwamba wa mbele si mahali pa watoto kabisa. Novemba, kipindi cha tanga mbili, bahari hutulia. Visiwa vya Sinda vionekanavyo mbele ni hifadhi tangu mwaka 2007. Huko hakutupwi ndoana.

Samaki wapasuliwe na kutiwa chumvi pale pale ufukweni, kwani foleni ya kivuko Jumapili jioni ni ndefu na joto halingoji zamu.