Kitabu Nilichokihukumu Bila Kukisoma

Mwaka 2005 niliandika, katika gazeti la burudani nililolifanyia kazi Dar es Salaam, kwamba mwisho wa War of the Worlds, sinema ya Steven Spielberg, ni mwisho wa kivivu. Kwa kweli niliandika vikali kuliko hivyo. Nilisema waandishi wa Hollywood waliishiwa maneno, wakaona muda umekwisha na fedha zimekwisha, wakaamua maadui wafe kwa mafua. Wasomaji walicheka, mhariri alicheka, nami nikajiona mhakiki.

Mwisho ule haukutungwa Hollywood. Uliandikwa na Mwingereza H. G. Wells katika riwaya iliyotoka kwa mfululizo kwenye jarida la Pearson's Magazine kuanzia Aprili 1897, ikawa kitabu mwaka 1898, wakati Hollywood ingali mashamba. Huo ulikuwa ujinga, na ujinga husahihishwa kwa mistari mitatu kwenye toleo linalofuata. Ninachoungama ni nilichofanya baada ya kusahihishwa.

Kwa asiyeijua hadithi: silinda kubwa za chuma zinarushwa kutoka sayari ya Mirihi na kuangukia kusini mwa Uingereza, ya kwanza ikitua kwenye machimbo ya mchanga ya Horsell Common, karibu na mji wa Woking. Ndani yake mna viumbe waliotuzidi akili lakini wenye miili hafifu, wanaotembelea mashine za miguu mitatu ndefu kupita nyumba nyingi. Wanaua kwa mwale wa joto na moshi mweusi, na chakula chao ni damu ya watu. Jeshi linashindwa, London inakimbiwa. Halafu Wamirihi wanaanza kufa wenyewe, kwa sababu miili yao haina kinga dhidi ya bakteria wa dunia hii. Spielberg aliihamishia hadithi New Jersey, akamfanya Tom Cruise mwendesha winchi wa bandarini aliyeachana na mkewe, lakini mwisho wake hakuugusa.

Mimi nimelelewa na vibanda vya video. Tulibanana kwenye mabenchi, jasho likitutoka, na sheria ilikuwa moja: steringi hafi, na adui mkubwa lazima auawe na steringi kwa mkono wake, dakika za mwisho, ikiwezekana baada ya steringi kupigwa sana kwanza. Adui akijifia kwa ugonjwa, watu wangedai warudishiwe hela zao. Kwa sheria hiyo nilimhukumu Wells, mtu aliyefariki mwaka 1946.

Baada ya muda ikaja barua. Aliyeiandika alijitambulisha kuwa mwalimu mstaafu wa baiolojia. Ilikuwa ya wino wa bluu, kwenye karatasi ya daftari, herufi zimesimama wima kama za ubaoni. Hakunitukana. Alieleza riwaya ni ya lini, akaeleza kwamba Wells alisomea baiolojia kwa Thomas Huxley, huko South Kensington, na kwamba mwisho nilioudharau umedokezwa katika sentensi ya kwanza kabisa ya kitabu. Akaomba gazeti lichapishe sahihisho, maana wanafunzi wanalisoma.

Ukurasa wa barua nilikuwa naupanga mimi. Nikaitia ile barua kwenye droo, na mahali pake nikaweka ya msomaji mwingine aliyekuwa ananisifu.

Mzee hakukata tamaa. Siku moja alikuja ofisini mwenyewe, kofia ya kiua mkononi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayeandika habari za sinema?”

Nikakiri. Akauliza kama barua yake ilifika. Nikamwambia mambo ya posta siku hizi, mzee wangu, we acha tu. Akaitikia kwa kichwa.

“Na kitabu chenyewe umekisoma?”

“Nimekisoma, mzee. Ni zamani kidogo.”

“Vizuri. Basi hebu nikumbushe, yule kasisi alikufaje?”

Nilifurahi, kwa kuwa nilidhani hilo nalijua. Nilikuwa nimeiona sinema ya mwaka 1953, iliyotayarishwa na George Pal na kuongozwa na Byron Haskin, ambamo mchungaji anaziendea mashine za Wamirihi peke yake, anasali, ameinua Biblia juu, na wanamchoma. Nikamsimulia mzee kifo kile kwa ufasaha wote niliokuwa nao, nikainua hata mkono kumwonyesha Biblia ilivyokuwa.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. “Ahsante, mwanangu,” akasema, akavaa kofia yake, akaondoka. Mwenzangu wa meza ya pili akauliza yule babu alikuwa anataka nini. Nikamwambia anatafuta gazeti la zamani.

Riwaya niliisoma mwaka 2019, tena kwa woga tu. BBC ilikuwa imetoa tamthilia ya sehemu tatu, nikaombwa kuiandikia, na sikutaka babu mwingine anitokee. Kitabu kimegawanywa sehemu mbili, ya kwanza sura 17 na ya pili sura 10. Nilipofika sura ya nne ya sehemu ya pili ndipo nilipoelewa mzee aliondoka na nini kichwani siku ile.

Msimulizi, ambaye hana jina, amenaswa pamoja na kasisi mmoja katika nyumba iliyobomoka huko Sheen, kandokando ya London. Silinda ya tano imeangukia hapo hapo, na Wamirihi wanafanya kazi zao nje ya ukuta. Siku zinapita, chakula kinaisha. Kasisi anakula bila kipimo, analia, mwishowe anaanza kuhubiri kwa sauti kwamba hii ni hukumu ya Mungu. Akisikika, watakufa wote wawili. Anapoelekea mlangoni, msimulizi anachukua shoka la kukatia nyama lililotundikwa ukutani, analigeuza ili asitumie makali, na kumpiga. Kisha mkono mrefu wa chuma unaingia kwa kupapasa na kuuburuta mwili wa kasisi nje. Msimulizi anajificha kwenye stoo ya makaa ya mawe, amejifunika kuni na makaa, na mkono ule unamfuata humo. Unagusa kisigino cha buti lake. Anajing'ata mkono asipige kelele. Mkono unashika kitu, na yeye anadhani ndiye aliyeshikwa, kumbe umeokota bonge la makaa kwenda kulichunguza.

Kwa hiyo kasisi wa Wells hafi shahidi. Aliyempiga ni mtu yule yule anayetusimulia, mtu msomi mwenye kupenda falsafa, na mpaka mwisho wa kitabu hajui ajitetee vipi. Sinema ya 1953 ilikiogopa kisa hiki ikamfanya mchungaji shujaa. Spielberg hakukiogopa sana. Katika sinema yake yumo mwanamume anayejificha na Tom Cruise kwenye chumba cha chini, ameigizwa na Tim Robbins, akapewa jina la Ogilvy, ambalo kitabuni ni la mnajimu. Akili inapomruka na kelele zake zinapohatarisha maisha ya mtoto, baba anamfunga bintiye kitambaa machoni, anaingia chumba cha pili kwa huyo bwana, anafunga mlango. Tunabaki na mtoto. Nilipoiona mwaka 2005 niliandika kwamba kipande hicho kinachosha.

Na ile sentensi ya kwanza? Wells anaanza kwa kusema kwamba mwishoni mwa karne ya 19 binadamu walikuwa wakichunguzwa kutoka mbali, kama mtu na hadubini yake anavyoweza kuvichunguza viumbe vya tone moja la maji. Vijidudu vimo tangu mstari wa mwanzo. Wamirihi wanatuona sisi kuwa ndio vijidudu, na hawavioni vile vya kweli. Kabla hawajafa wao, unakufa kwanza mmea mwekundu waliokuja nao, unaoota kando ya mito na kuoza kwa ugonjwa. Nimeirudia sinema ya Spielberg: dakika za mwanzo kabisa, kabla Tom Cruise hajaonekana, Morgan Freeman anasoma maneno yaliyotokana na sentensi hiyo huku kamera ikionyesha vijidudu vikiogelea majini. Nilikuwa nimekaa mbele ya kioo hicho hicho, labda natafuta pa kutupa maganda ya karanga.

Wasomaji wa 1897 hawakuuona mwisho huo kuwa wa ajabu kama nilivyouona mimi. Robert Koch alikuwa ameutangaza ugunduzi wa kimelea cha kifua kikuu mwaka 1882. Na tarehe 20 Agosti 1897, riwaya ingali inatoka jaridani, Ronald Ross aliviona vimelea vya malaria ndani ya mbu huko Secunderabad, India. Hapo ndipo hadithi ya Woking inapotugusa sisi. Afrika ya joto iliwazuia wageni kwa karne nyingi kwa malaria zaidi kuliko kwa mikuki, mpaka kwinini ilipopatikana kwa wingi. Wamirihi wa Wells ni wakoloni waliosafiri bila kwinini. Mara nyingine vijidudu vilikuwa upande wa wavamizi: sotoka iliyoteketeza ng'ombe wa Wamaasai miaka ya 1890 iliwalainishia Wazungu njia.

Wala simbambikii mwandishi mawazo yangu. Katika sura ya kwanza anawaambia Waingereza wenzake kwamba kabla ya kuwalaani Wamirihi wakumbuke walichowatendea wenyeji wa Tasmania, waliofutwa na wahamiaji kutoka Ulaya ndani ya miaka 50. (Wazao wa wenyeji hao wapo hadi leo, hapo Wells naye alikosea.) Tarehe 27 Agosti 1896, miezi michache kabla ya sehemu ya kwanza kutoka, manowari za Uingereza ziliipiga kasri ya Unguja kwa dakika kama 40. Watu wa Khalid bin Barghash, aliyekuwa amejitwalia usultani, wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja. Msomaji wa Pwani hahitaji kufundishwa mwale wa joto ni nini. Mimi, ambaye bibi yangu alikuwa akisimuliwa habari za mizinga ile na wakubwa zake, niliandika kwamba sinema ya Spielberg ni kisa cha Wamarekani na hofu zao.

Makala ile ilikuwa na doa jingine. Ili kujaza nafasi nilitia kisa cha tarehe 30 Oktoba 1938, pale Orson Welles alipoitangaza hadithi hii kwenye redio ya CBS kwa mtindo wa taarifa ya habari, nikadai Marekani nzima ilikimbilia mitaani. Watafiti wameonyesha kwamba taharuki ilikuwepo ila magazeti, yaliyokuwa na wivu na redio, yaliivimbisha mno. Mahali ambapo watu walikufa kweli ni Quito, Ecuador, Februari 1949: wasikilizaji walipogundua wamedanganywa waliichoma moto nyumba iliyokuwa na kituo cha redio. Kisa hicho sikukijua.

Sasa hukumu zangu mpya, za mtu aliyesoma. Sinema ya 1953 ina mandhari ya kupendeza na ilistahili tuzo ya Oscar ya athari za picha, ila mwishoni inawapeleka watu kanisani Los Angeles wasali, mashine zianguke, kana kwamba bakteria ni jibu la sala. Wells analitaja jina la Mungu hapo, lakini si kwa unyenyekevu wa namna hiyo. Ya BBC imempa mke wa msimulizi, ambaye kitabuni hana hata jina, jina la Amy na kazi ya kufanya, na hilo ni jema. Mwendo wake unasinzisha. Ile ya 2025 ya Ice Cube, ambayo karibu yote inatokea kwenye skrini ya kompyuta, sitaimalizia wino. Ya Spielberg, niliyoitukana, ndiyo iliyo karibu zaidi na kitabu kwa roho, ingawa imekihamisha bara na karne. Hakuna hata moja kati ya ile ya 1953 na ya 2005 iliyoionyesha Thunder Child, meli ya kivita inayojitosa kuziparamia mashine ili abiria wapate kukimbia, na kwangu hiyo ndiyo sura tamu kuliko zote.

Gazeti lile lilishakufa, na ile droo sijui ilikwenda na nani. Mwalimu yule sikumtafuta mapema, na nilipomtafuta sikumpata. Kama yupo, au wapo wanawe wanaosoma hapa: barua ilifika, mzee, niliificha mimi, na kila ulichokiandika ndani yake kilikuwa sahihi.

Ninyi mliosoma makala yangu wakati huo mkiwa wanafunzi na mkaniamini, haki za mtunzi juu ya kitabu hicho zilikwisha Uingereza mwishoni mwa 2016. Kinapatikana bure mtandaoni, na kwenye simu kinasomeka bila shida. Kisomeni kabla ya kuitazama sinema yoyote, na mkiona nimekosea tena, andikeni. Ukurasa wa barua siupangi mimi siku hizi.