Mshipi Kiunoni: Urembo na Pumzi

Akina mama wenzetu, katika lugha yetu mwanamke akijiandaa kwa kazi nzito husemwa kwamba amejifunga kibwebwe. Kibwebwe ni kanga iliyokunjwa na kufungwa kiunoni, na mama zetu walikifunga walipokwenda kulima na walipocheza ngoma za harusi. Mke mwema wa Mithali sura ya 31 naye anatajwa kuwa amejifunga kiunoni. Kwa hiyo anayetuambia kwamba mshipi, au mkanda kama vijana wanavyouita, ni mambo ya wasichana, tunamsikiliza kwa heshima kisha tunaendelea kuchagua wetu.

Hapa Moshi wengi wetu tumezoea kuchagua kwenye mitumba, kama pale Memorial. Mishipi hutundikwa mafungu kwa mafungu, na muuzaji atakuapia kwamba yote ni ngozi. Usibishane naye. Geuza upande wa ndani: ngozi halisi hukwaruza kidogo, ina nyuzinyuzi fupi, na harufu yake huwezi kuikosea. Ya bandia ina mgongo laini kama kitambaa kilichobandikwa, nayo ukiikunja huonyesha nyufa ndogo ndogo. Hiyo haikawii kubanduka vipande. Kisha tazama bizimu, yaani kile chuma cha kufungia. Kikiwa na kutu kitakuachia doa kwenye gauni ulilolitunza kwa ajili ya kipaimara cha mtoto. Tundu zikipungua si neno, fundi viatu atakutoboleza nyingine huku unasubiri.

Upana ndio unaowashinda wengi. Mama mfupi akivaa mshipi mpana kama kiganja huonekana amekatwa katikati. Mwembamba wa vidole viwili, wenye rangi inayokaribiana na gauni, humrefusha. Mwenye tumbo (nasi tumo) asifunge pale tumbo linapotokeza. Aupandishe karibu na chini ya kifua, gauni lishuke lenyewe. Kitenge chenye maua makubwa hakihitaji mshipi wa mapambo. Mwambie fundi cherehani akushonee wa kitambaa kile kile, au chagua rangi moja iliyomo ndani ya maua. Kwa wenzetu wa Marangu, Kibosho na Machame, ambao asubuhi ya Jumapili hawaachi sweta, mshipi juu ya sweta jepesi hupendeza. Juu ya sweta zito la kufuma, la hasha! Utafanana na mzigo wa majani ya ng'ombe.

Lakini sisi ni wauguzi, hatuwezi kuishia kwenye urembo. Pima mshipi ukiwa umeketi, si umesimama; vidole viwili viingie bila taabu. Ukikaza mno, asidi ya tumbo husukumwa juu, ndicho kiungulia kile ambacho wengine hukinywea dawa kila siku. Wengine hupata ganzi na mwako upande wa nje wa paja, kwa sababu neva inayopita karibu na nyonga imebanwa. Hao mara nyingi tunawaambia walegeze mshipi kwanza.

Kuhusu mzazi, bibi zetu hupenda kumfunga tumbo kwa kanga ili lirudi. Mji wa mimba hurudi wenyewe, kwa kawaida kwa muda wa wiki sita hivi, na kufunga hakuuharakishi. Kubana sana huweza kusukuma uzito chini, kwenye misuli ya nyonga iliyokwisha kuchoka. Mshipi mlaini wa kushikilia tumbo huwasaidia baadhi ya waliojifungua kwa upasuaji wanapoinuka au kukohoa, ila waulize kwanza waliokuhudumia. Bibi akisisitiza, tunafunga, lakini kwa kulegeza.

Kuna mshipi mwingine tusiopenda kuukuta. Ni ule mpana ambao binti wa shule huufunga chini ya sweta ili mimba isionekane. Anafika kwetu akiwa na miezi saba au minane, hajapimwa presha, hajapimwa damu, hajapata hata kidonge kimoja cha kuongeza damu, na mama yake ndiye wa mwisho kujua. Wengi hujificha kwa kuogopa kwamba masomo yamekwisha. Mama, mwambie binti yako kwamba tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito warudi masomoni baada ya kujifungua.

Ukimwona amevaa sweta katika joto la Februari na kiuno amekikaza, usimpigie kelele. Mwite jikoni, mkiwa wawili, kabla baba yake hajarudi, umuulize taratibu. Akikiri, njoo naye kliniki kesho yake asubuhi, hata kama miezi imekwenda. Mshipi auache nyumbani.