Jiliwa Lililopungua na Mali ya Amana



Leo sitakuandikia juu ya twahara wala juu ya mirathi. Nataka tuzungumze juu ya kununua kitu kikuukuu kilichopungua, kwani ni nadra kuipata nyumba ya Kiislamu, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, ambayo jambo hili halijapata kuifikia. Huyu huletewa cherehani isiyo na gurudumu, yule huonyeshwa saa ya ukutani isiyo na ufunguo, na mwingine hupewa mlango wa nakshi uliokosa ubao mmoja. Muuzaji husema, "Kimepungua kidogo tu." Mnunuzi naye husema, "Hiki kimekwisha haribika." Na mara nyingi wote wawili huwa hawasemi kweli.

Mfano wangu ni jiliwa. Huenda wewe uliyekulia katika nyumba ya biashara au ya uvuvi hujapata kulishika. Jiliwa ni chombo cha chuma kinachofungwa juu ya meza ya fundi, chenye taya mbili. Taya moja imetulia, na ya pili husogezwa kwa parafujo nene inayozungushwa kwa mpini. Mafundi wengi wa leo huliita vaisi. Fundi akitaka kukata bomba kwa msumeno, kupiga panga tupa, au kunyoosha pedali ya baiskeli, hukibana kitu hicho katika taya hizo, na mikono yake miwili ikabaki huru kwa kazi. Fundi wa chuma asiye na jiliwa ni kama karani asiye na meza: kazi hufanyika, lakini haitulii.

Mimi ni mtu wa pwani kwa kuzaliwa, ila miaka mingi ya ualimu wangu imepita huku Kagera, baina ya Bukoba na Muleba. Watu wa huku hawahitaji kufundishwa heshima ya chuma. Katika kijiji cha Katuruka, kusini ya mji wa Bukoba, wataalamu wa mambo ya kale walifukua mabaki ya tanuri ambazo wahenga wa Kihaya walizitumia kuyeyushia chuma. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science ya kuwa wahunzi wa zamani wa nchi hii, yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, walitoa feleji, tena kwa ustadi wa kuipasha moto hewa ya mivukuto kabla haijafika katika makaa. Wazee wa Kihaya waliwajengea wataalamu hao tanuri ya namna hiyo, wakifuata kazi waliyoikumbuka tangu ujana wao. Basi katika nchi kama hii, ukimwona mtu anauza chombo cha chuma kwa bei ya chuma chakavu, jua ana dhiki, au hana habari ya anachokiuza.

Sasa sikiliza kisa chenyewe. Nilikuwa nimeshika amana ya kijana mmoja wa Muleba aliyefiwa na baba yake angali mdogo. Baba aliniachia fedha zilizotokana na kahawa, nimlindie mwanawe mpaka akili yake ya mali ipevuke. Alipofika miaka 17 alikwisha jifunza kazi ya chuma kwa fundi, akataka fedha zake afungue karakana ndogo kando ya barabara, ya kutengeneza baiskeli na pikipiki, kunoa mapanga na kuunda bawaba za milango. Kwa sheria yetu, mtoto akibaleghe jina la yatima humtoka. Lakini mali yake hakabidhiwi mpaka ajaribiwe na uonekane uongofu wake katika kuitumia. Nikamwambia, "Mwanangu, vyombo vya mwanzo tutavinunua pamoja. Wewe utachagua, mimi nitatazama." Naye hakujua ya kuwa jambo nililokusudia kulitazama ni yeye mwenyewe.

Haukupita muda akanijia na habari ya kuwa mjini Bukoba yuko mama mmoja, mjane wa fundi, ana jiliwa la Kiingereza analiuza. Tukapanda gari Muleba, tukapita Muhutwe na Kemondo, tukafika. Yule mama alitueleza bila ya kuficha. Marehemu mumewe alikuwa amelifungua jiliwa lake alisafishe na kulitia grisi, na vipande akavipanga juu ya meza. Kabla hajavirudisha likaja tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lile lililoangusha nyumba nyingi za Bukoba, na ukuta wa karakana ukaangukia meza ile. Waliokota walichokiona katika vifusi. Kisha fundi akaugua, akafariki, na jiliwa likabaki pembeni ya ua miaka yote hiyo.

Kijana alilitazama kama alivyofundishwa, nami nakuandikia alivyofanya ili likufae siku yako. Kwanza alifuta udongo akasoma maandishi: Record, jina la biashara la kampuni ya C. & J. Hampton ya Sheffield, iliyoanza mwaka 1898. Chini ya kutu ilibaki rangi ya buluu. Taya zilikuwa na upana wa inchi 4. Kisha akaligonga mwili mzima kwa nyundo ndogo, polepole, akisikiliza. Chuma cha kusubu kilicho kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hutoa sauti nzito iliyokufa. Hakutosheka na sikio. Akapaka mafuta ya taa, akayaacha yapenye, akapangusa kwa kitambaa, kisha akapaka unga wa chaki. Pakiwa na ufa, mafuta hutoka ndani na kuchora mstari katika chaki. Haukutokea mstari wowote. Mwisho akaitazama parafujo, akapitisha ukucha katika hesi zake kuanzia mwanzo hadi mwisho, akaona hazikulika.

Yaliyokosekana yalikuwa matatu: mpini wa kuzungushia, bamba moja la meno, na la pili lilikuwa limelika, na nati kubwa inayokaa ndani ya mwili, ambayo parafujo huingia humo na kuivuta taya. Bila ya nati hiyo, jiliwa ni pande la chuma tu.

Hapa ndugu msomaji zingatia, kwani hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Wao huhesabu vilivyopungua, wasivipime. Upungufu uko wa namna tatu. Upo unaozibika kwa kitu cha dukani au cha jalalani: mpini ni kipande cha nondo laini tu. Upo unaozibika kwa mkono wa fundi: mabamba ya meno huundwa kwa feleji, na nati huchongwa na mwenye mashine ya kukereza chuma, iwapo atapelekewa parafujo yenyewe wala si maelezo ya mdomo, kwa sababu hesi za vyombo vile vya zamani vya Kiingereza zilipimwa kwa inchi, na ukitafuta nati ya namna hiyo katika maduka ya leo utachoka bure. Na upo upungufu usio na dawa ya karibu, nao ni ufa katika mwili. Chuma cha kusubu hakikubali kuchomelewa ovyo. Huhitaji kupashwa moto taratibu, vijiti maalumu na mkono mzoefu, na baada ya hayo yote huwezi kukiamini chini ya nyundo. Kwa hiyo jiliwa lililokosa vitu vitatu lakini mwili wake mzima ni bora kuliko jiliwa lililotimia vyote na lina ufa mmoja uliofunikwa kwa rangi.

Tulipokuwa katika hali hiyo, yule mama akaniambia, "Waitu Shehe, yuko mnunuzi wa vyuma chakavu ameniahidi shilingi 20,000. Wewe ni mtu wa dini, niambie, hiki kina thamani gani?"

Kijana akanisogelea akaninong'oneza, "Maalim, tumpe 25,000 tuondoke. Fedha ni zangu, nawe ni mlinzi wangu."

Neno lake halikuwa la kipuuzi. Mlinzi wa mali ya mwengine haruhusiwi kuifanyia ukarimu. Mwenyezi Mungu ametutisha kitisho kikubwa juu ya mali ya mayatima, na ndiyo sababu wacha Mungu wengi huikimbia kazi hii. Tena kwa fikihi tunayoisoma, mtu mzima mwenye akili akiuza kitu chake kwa radhi yake, bila ya kudanganywa, bei ikiwa ndogo haibatilishi biashara. Lau mama yule angalikaa kimya na kutaja 25,000 yake mwenyewe, wangetokea wanavyuoni wa kusema kuwa mauzo yamesihi.

Lakini hakukaa kimya. Aliniuliza. Na aliyeombwa shauri amekwisha wekewa amana kifuani mwake. Akilificha analolijua amefanya khiyana. Basi nilijikuta nina amana mbili mkononi kwa wakati mmoja, ya kijana na ya mjane, na haijuzu kumlipia mmoja kwa kumwibia mwenzake. Nilikumbuka habari iliyopokewa juu ya Jarir bin Abdillah (r.a.), ambaye mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirhamu 300. Jarir alipomwona farasi alimwambia mwenyewe ya kuwa anastahiki zaidi, akawa anampandishia mia baada ya mia mpaka ikafika 800, kwani alikuwa amempa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Ila Jarir alitoa mali yake. Mimi nilikuwa natoa mali ya kijana. Kwa hivyo haikunifalia kupandisha kwa hisia. Ilinilazimu kupandisha kwa hesabu.

Nikamwambia kijana kwa sauti ambayo mama aliisikia, "Wewe ndiye fundi. Mfanyie mama hesabu."

Alinyamaza kitambo. Niliuona uso wake ukikaza. Kisha akachukua kijiti akachora chini. Jiliwa la zamani la kipimo hicho, likiwa zima, mafundi wawili wa mjini aliowauliza siku nyengine, kila mmoja peke yake, walimtajia 180,000. Nati kwa mkereza chuma, pamoja na chuma chenyewe, 55,000. Mabamba mawili ya meno na skrubu zake, 25,000. Mpini, 5,000. Gari mpaka Muleba na bolti za kulifungia mezani, 10,000. Jumla ya kulitimiza ni 95,000, zikabaki 85,000. Nikamwuliza, "Na nati ikitoka imelegea, ikabidi irudiwe, ni nani atakayebeba hasara?" Akasema, "Ni mimi." Nikamwambia aweke kitu kwa ajili ya hatari hiyo. Akatoa 15,000. Zikabaki 70,000.

Akainua macho akamwambia mama, "Mama, kwa haki ni 70,000. Chini ya hapo nakudhulumu, na juu ya hapo najidhulumu mimi."

Tukanunua kwa 70,000. Mama alitaka kuturudishia kitu kwa furaha, tukakataa. Mimi nilimpa kidogo kutoka mfukoni mwangu, nikasema wazi kuwa ni sadaka yangu, haimo katika bei wala haimo katika mali ya kijana. Tukamwambia pia ya kuwa tumelikagua na kuliridhia kama lilivyo, kwani anayenunua na huku anakijua kilichopungua hana haki ya kurudi kesho na kudai.

Nati ilichongwa, ikakaa sawa mara ya kwanza, Alhamdulillahi. Lakini sikungoja nati kuandika hati ya kumkabidhi kijana mali yake iliyosalia. Niliiandika juma lile lile mbele ya mashahidi. Kijana anayejua kupima ufa wa chuma ni fundi mzuri, nao ni wengi. Kijana anayeifanya hesabu ya haki kwa kinywa chake, na huku kila shilingi anayoitaja inatoka katika mali yake, huyo mali haitampoteza kwa wepesi.

Basi ndugu msomaji, siku ukiletewa kitu kilichopungua, usiulize kwanza "Ni rahisi?" Uliza: mwili wake ni mzima? Kilichokosekana kinapatikana, au kinaundika, au hakina dawa? Fundi wa kukiunda yuko karibu? Kitakapotimia kitakuwa kimenigharimu kiasi gani, na kipya cha kazi hiyo hiyo ni kiasi gani? Ukiona jumla imekaribia bei ya kilicho kizima, kiache, hata kikikupendeza kwa ukale wake. Na kama kazi yako ni ndogo, jiliwa jipya jepesi linaweza kukutosha, wala si aibu.

Ukiwa wewe ndiye muuzaji, taja upungufu kabla hujaulizwa. Yule aliyeweka nafaka kavu juu na iliyorowa chini, Mtume (s.a.w.) hakumlaumu kwa mvua iliyonyesha, bali alimlaumu kwa kuificha. Na ukiwa mnunuzi, usikitie kitu cha mwenzako aibu kisichokuwa nayo ili ukipate kwa rahisi, kwani kupunja thamani ya vitu vya watu kumekatazwa kama kulivyokatazwa kupunja mizani. Dhulma ya mnunuzi haipigiwi kelele sana sokoni, kwa sababu mwenye kudhulumiwa mara nyingi hurudi nyumbani akishukuru.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wa kweli katika kuuza kwetu na kununua kwetu, na atubarikie kidogo tunachokipata. Wabillahi tawfiq.