Mimi Nilikubali, Lakini Shangazi Je?

Leo naongea juu ya kitufe kimoja kidogo kwenye simu yako, kile kimeandikwa "Ruhusu".

Mwaka wa 2021 nilikuwa chuoni, na kodi ya hosteli ilikuwa imenilemea. Benki gani ingenisikiza? Sina kazi, sina shamba. Nikaweka programu moja ya mikopo kwa simu. Ikauliza kama inaweza kusoma namba zote nilizohifadhi, nikabonyeza "Ruhusu" bila kufikiria. Dakika chache, pesa iko M-Pesa. Niliomba 3,000, ikaingia 2,400, na baada ya siku saba nilitakiwa kurudisha 3,000 nzima. Nikasema sawa tu. Ukiwa na shida hupigi hesabu.

Wiki ikaisha na sina kitu. Siku ya nane hawakunipigia mimi. Walimpigia shangazi yangu kule Kakamega, akiwa sokoni na mboga zake, simu ikiwa kwa spika. Wakamwambia ati mpwa wake ni mwizi na yeye ndiye anamficha. Kesho yake wakapiga tena. Shangazi akalipa hiyo 3,000 na pesa za kununua mboga za wiki hiyo. Mimi nilijua Desemba nilipoenda ushago.

Sasa kuna wale huniambia, "Hili ni soko huria bana. Ulikubali masharti, lipa deni." Kulipa deni sina ubishi. Na sitadanganya, hao ndio walinikopesha wakati hakuna mwingine angenikopesha.

Lakini nilikubali nini haswa? Simu yangu ilikuwa na namba za watu zaidi ya mia tatu, na hakuna hata mmoja wao aliomba mkopo. Uhuru wangu wa kufanya mapatano unaishia kwangu. Siwezi kuweka rehani ng'ombe wa jirani, kwa hivyo nawezaje kuweka rehani jina la shangazi?

Ndio maana hiyo story ya ati sheria huua biashara hainiingii. Hadi mwisho wa 2021, kampuni ya kukopesha kwa simu haikuhitaji leseni ya Benki Kuu. Sheria ikabadilishwa Desemba mwaka huo, na Machi 2022 zikatoka kanuni zinazokataza vitisho, matusi, na kupigia watu walio kwa simu ya mdaiwa. Kampuni 288 ziliomba leseni. Kufikia Septemba 2022, zilizopewa zilikuwa 10 pekee. Mikopo ya simu ilikufa? Wapi! Bado iko kila mahali.

Kitu kinaniuma ni hiki. Katiba, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu tangu 2010. Sheria ya Ulinzi wa Data ilikuwa hapo tangu 2019. Mimi sikuijua, shangazi hakuijua, na wale waliopiga simu walijua hatuijui. Sheria ikikaa kwa karatasi, mwenye nguvu anaendelea tu. Lakini watu wakilalamika, mambo hubadilika: mwaka wa 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ilipiga kampuni moja ya mikopo faini ya karibu shilingi milioni 3 kwa kutumia vibaya majina na namba za watu.

Kwa hivyo ukipigiwa juu ya deni la mtu mwingine, usikate simu ukanyamaza. Andika namba, saa na walichosema, hifadhi ujumbe, peleka malalamishi kwa hiyo ofisi. Si lazima uwe wewe uliyekopa.

Shangazi nilishamrudishia 3,000 yake. Lakini kuna wateja walikuwa wamesimama pale siku hiyo, wakasikia akiitwa mama wa wezi. Hiyo sijui nitamrudishia na nini.