Nyimbo za Filamu ya Harusi: Zilizotupendeza na Zilizotukera



Wengi mnatuuliza kuhusu gauni, hina na mpambaji. Leo tuzungumze jambo ambalo mabiharusi wengi humwachia mpiga video bila ya kuuliza: nyimbo zinazotiwa ndani ya filamu ya harusi. Kaka yetu alioa Morogoro mwaka jana, na mpiga video alitukabidhi flashi yenye vitu viwili. Kimoja ni filamu ya dakika arubaini. Cha pili ni nyimbo zake tisa peke yake, zimepangwa kama albamu, tuzisikilize garini na jikoni. Sisi ni dada watatu na shangazi mmoja, watu tusiokubaliana hata kiasi cha iliki kwenye pilau, lakini kwa albamu hii maneno yetu ni mamoja.

Yaliyotupendeza

Kwanza, filamu inajua iko wapi. Tulitoka Unguja kwa boti hadi Dar es Salaam, kisha tukapanda treni ya umeme, ile iliyoanza safari za Dar na Morogoro Juni 2024. Milima ya Uluguru inapoanza kuonekana dirishani, linaingia gitaa la Mbaraka Mwinshehe. Hapo amepatia. Mbaraka alipata jina akiwa na Morogoro Jazz, akaanzisha Super Volcano mwaka 1973, na alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, Afrika Mashariki nzima ilikuwa ikilijua gitaa lake. Wazee wa upande wa biharusi walipokiona kipande hicho walianza kuhadithiana madansa ya ujana wao. Shangazi yetu, asiyesikiliza ila taarabu, alikirudisha mara mbili.

Pili, nikaha. Hakutia muziki hata chembe. Unamsikia sheikh, unamsikia kaka yetu akikubali kwa sauti iliyomkauka, kimya kidogo, halafu vigelegele vyetu kutoka uani. Kwenye albamu ni namba nne, dakika mbili na nusu, na ndiyo tunayoirudia kuliko zote.

Tatu, kaswida za kumsindikiza bwana harusi. Zimerekodiwa pale pale njiani, mpaka viatu vya vijana wa madrasa unavisikia kwenye kokoto, na dufu moja limechelewa kidogo nyuma ya wenzake. Tunalipenda hilo lililochelewa.

Yaliyotukera

Mpiga video wetu anasikiliza mdundo, maneno hayamshughulishi. Biharusi anaagana na mama yake aingie garini, na wimbo unaopita ni "Shida", wa huyo huyo Mbaraka. Ni wimbo mzuri, hatuna ugomvi nao, lakini unalalamikia dhiki za maisha! Mama wa biharusi anaujua wote kwa moyo. Aliangua kicheko, alhamdulillahi. Mwengine angeona ni kisirani.

Kisha mama yetu anaingia ukumbini na buibui lake jipya, anapokewa kwa rusha roho, taarabu ile iliyopata nguvu miaka ya 1990 kwa makundi kama East African Melody. Utamu wake ni vijembe, na kijembe lazima kimfikie mtu. Sasa mavyaa anaingia, ukumbi umejaa wakwe, na wimbo unampasha asiyejulikana. Wenye kutafuta maana hawakosi kuipata.

Kuhusu ala za muziki, masheikh wetu wana kauli zao, na kila nyumba inajua inamfuata nani. Lakini kuhusu maneno tunalo funzo la wazi. Imepokewa na Bukhari kwamba Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, aliingia kwa Rubayyi' bint Mu'awwidh wakati wa harusi yake, na wasichana walikuwa wakipiga dufu na kuwataja wazee wao waliouawa Badr. Mmoja akasema kwamba wanaye Nabii anayejua yatakayotokea kesho. Mtume akamwambia aliache neno hilo, aseme yale aliyokuwa akiyasema kabla. Dufu likaachwa liendelee, neno likasahihishwa. Ikiwa katika harusi ile maneno yalisikilizwa kwa makini hivyo, na sisi tusikilize.

Wimbo usiokuwemo

Hili ndilo lililotuuma. Usiku wa kuamkia harusi tulikuwa Kinole, mlimani kwenye ndizi, machungwa na viungo, nyumbani kwa bibi mzaa mama wa wifi yetu. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, kwa hivyo siku ile neno la bibi lilikuwa la mwisho. Tulikuwa wanawake watupu, na ngoma moja, sahani ya bati na makofi. Bibi akamuimbia mjukuu wake kwa Kiluguru. Wifi amekulia mjini. Nusu aliielewa, nusu alielezwa na mama yake huku machozi yanamtoka. Bibi aliruhusu wimbo mmoja tu urekodiwe na binti aliyeshika kamera. Nyengine, alisema, ni za kumfunda mwali, haziondoki chumbani.

Kwa sitara tulikubaliana picha za usiku ule zisionyeshe sura wala vichwa: mikono yenye hina, sufuria, kivuli cha ngoma ukutani. Kilichobaki cha kuueleza usiku wenyewe kilikuwa sauti, na sauti ndiyo iliyofutwa. Juu ya mikono ile kimetiwa kinanda cha kwenye intaneti, kile kile tulichokisikia katika harusi mbili za Unguja. Ukifumba macho hujui uko Uluguru, Jambiani au Dubai.

Tulimpigia simu binti yule. Alhamdulillahi, alikuwa hajafuta. Ni dakika sita: bibi anaimba, watu wanapiga makofi, mtoto analia, mtu anauliza chumvi iko wapi. Mjomba alimfikishia bibi kwenye simu yake. Alisikiliza hadi mwisho, akasema wimbo ule alifundishwa na mama yake, na maisha yake yote hakuwahi kujisikia akiuimba. Rekodi haikwenda mitandaoni. Imo kwenye simu za wanawake wa familia mbili, na wifi sasa anajifunza ile nusu aliyoikosa.

Kabla hujamlipa mpiga video

1. Omba orodha ya nyimbo mapema, usome maneno yake na mama yako na mavyaa wako.
2. Mwambie wapi hutaki muziki kabisa: nikaha, dua, kuagana na wazee.
3. Kikao cha wanawake kirekodiwe na mwanamke, kwa idhini ya wakubwa, na wao ndio waamue nini kinatoka na nini kinabaki.
4. Dai sauti zote kabla hazijafutwa, hata zenye kelele. Andikeni kwenye makubaliano.

Kinanda utakipata wakati wowote. Bibi yako akiimba, mrekodi leo, kama ameridhia.

Allah azibariki ndoa zenu, awahifadhi mabibi zetu, na awarehemu waliotangulia. Amin.