Shaba Iliyokwenda Ikipungua

Baba mdogo aliyenifundisha ufundi bomba, Magomeni, alichagua koki kwa kiganja. Dukani Kariakoo aliomba mbili za nusu inchi, akashika moja mkono huu na nyingine mkono ule, kisha akachukua iliyo nzito bila kuuliza imetoka nchi gani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kipimo hicho kilitosha. Uzito ulimaanisha shaba ya kutosha na nyuzi zilizochongwa kwa kina.

Katika nyumba kongwe za Upanga tulikuta koki za Uingereza, jina la kiwanda limejitokeza mwilini, zimefanya kazi tangu kabla ya Uhuru. Kilichokuwa kimekufa ni washa tu. Baba mdogo alikata nyingine kutoka tyubu kuukuu ya gari, akairudisha koki mahali pake, na mwenye nyumba akalipa ufundi peke yake. Elbo na soketi zilikuwa za chuma kilichochovywa katika zinki iliyoyeyushwa. Tulizungushia katani na rangi, tukakaza kwa spana iliyoongezewa kipande cha bomba kwenye mpini. “Kaza mpaka chuma chenyewe kikwambie basi,” alikuwa akisema.

Sipendi kuwasingizia waliofungua biashara. Enzi za uhaba, nipo moja, kile kiungo kifupi cha mabomba, ilikuwa kitu cha kutafutwa mji mzima, na ruksa ya katikati ya miaka ya 1980 ilipoleta bidhaa za nje, sisi mafundi tulishukuru kwa dhati. Vifaa vya kwanza vilikuwa vizuri. Upungufu ulikuja polepole: mkono wa koki ukawa plastiki, kijiti cha ndani kikakonda, kisha mwili wenyewe ukawa mwembamba hata ukiubana kwa spana unabonyea.

Halafu ikaja zamaki. Ni mchanganyiko ambao sehemu yake kubwa ni zinki, na zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi, wakati shaba ya koki inadai karibu 900. Kiwanda kinaokoa moto na malighafi, kisha kinapaka kroma inayong’aa kuliko ile ya zamani. Ukiimwaga nene, zamaki ina uzito wa kukidanganya kiganja. Waliokuwa wa kwanza kunionyesha tofauti ni wanunuzi wa chuma chakavu wa Gerezani. Wao hukwaruza koki kwa tupa: ikitoka njano inakwenda kwenye shaba, ikitoka kijivu inatupwa kwenye rundo la bei ya chini. Mzani wao haujali kroma.

Dar es Salaam ina adhabu yake ya ziada. Nyumba nyingi hutegemea visima, na maji ya visima vingi yana chumvi. Shaba iliyozidishwa zinki ikikaa humo, zinki inayeyuka kidogokidogo na kuacha masalia mekundu yenye vitundu kama sifongo. Kwa nje koki ni nzima. Siku mtoto akiizungusha kufunga maji, inabaki mkononi mwake.

Elbo nazo, nyingi sasa hupakwa zinki kwa umeme, tabaka la maikroni chache tu, wakati ile ya kuchovya ilifikia makumi. Nyuzi zake hazina kina, pengine hata hazikunyooka. Ukitumia katani ukakaza kwa nguvu tulizozoea, inapasuka. Ndiyo maana kijana niliye naye kazini anazungusha thredi tepu mara nyingi na kukaza kwa woga. Simlaumu, maana hajapata kushika chuma kinachomwambia basi.

Watu huniambia mabomba ya PPR yamemaliza tatizo. Yamelipunguza, nakubali, kwa kuwa plastiki haishiki kutu. Lakini pale koki inapoingia, ndani ya plastiki kuna pete ya chuma yenye nyuzi, na hapo ndipo viwanda vinapobania malighafi. Pete nyembamba inapasuka au inazunguka na kung’oka, nayo imekwisha kufukiwa nyuma ya marumaru. Maji yanapita ukutani miezi kadhaa kabla rangi haijavimba. Anayeitwa mwizi siku hiyo ni fundi. Jambo hili linaniuma kuliko hasara yenyewe, kwa sababu nimeona mafundi waaminifu wakivunja marumaru na kuyarudisha kwa fedha zao kwa kosa la kiwanda.

Siku hizi kifaa kilichopasuka sikitupi. Namkabidhi mwenye nyumba pamoja na risiti, na nikiweza naongozana naye hadi dukani. Tunakikwaruza mbele ya muuzaji, kila mmoja aone rangi. Shirika la Viwango Tanzania lipo tangu 1975, na muuzaji anajua malalamiko yenye risiti na kifaa mkononi yanaweza kufika huko. Wauzaji wachache wameanza kuniambia mapema, kabla sijatoa fedha, ipi ni shaba na ipi siyo.