Muti wa Maziwa si Kaktusi

Huku kwetu Bukavu kila mumea munene wenye miiba tunauita «kaktusi», na hata mnyaa wa lupango, usio na miiba, tunautia humo humo. Majina yakichanganyika hivyo, macho ya batoto yanaweza kuumia.

Jirani yangu ana mutoto wa miaka sita. Alivunja tawi la mnyaa akicheza, kisha akapangusa jicho. Watu wakasema: «Ni kaktusi tu, itapita.» Kesho yake jicho lilikuwa limefunga kabisa. Siku karibu kumi hakuenda masomo.

Mukate kipande kidogo kwa kisu, mbali na uso. Yakitoka maji meupe kama maziwa, yanayonata, fikirini kwanza Euphorbia. Mnyaa ni wa jamii hiyo, pamoja na ile miti mikubwa yenye matawi kama kinara cha mishumaa. Kaktusi, kwa kawaida, hutoa maji maangavu, pengine ya utelezi kama bamia. Nasema «kwa kawaida», maana kati ya kaktusi ndogo za mviringo ziitwazo Mammillaria, ziko zenye maziwa. Basi angalieni na miiba: ya kaktusi inatoka katika kifundo chenye manyoya, ya Euphorbia mara nyingi hukaa miwili miwili, kama pembe za mbuzi. Lakini wataalamu wanaamua kwa ua. La kaktusi lina petali nyingi za kupendeza. La Euphorbia ni dogo, halina petali. Linnaeus alikwisha kuzitenga mwaka 1753.

Kaktusi karibu zote asili yake ni Amerika. Moja tu, Rhipsalis baccifera, inaota yenyewe pia katika misitu ya Afrika, ikining'inia mitini kama kamba, na watu hawaidhanii kaktusi hata kidogo!

Na ndugu wa mnyaa ni nani? Muhogo, mama wa sombe yetu! Vunjeni kikonyo cha jani, mutaona maziwa. Muti wa mpira nao ni wa ukoo huo.

Maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni, musisugue, musitie dawa ya kienyeji. Mwageni maji safi mengi, robo saa nzima, hata mutoto akilia, halafu mbio kituo cha afya. Kwenye ngozi, sabuni na maji. Na anayekata lupango akate batoto wakiwa masomo, kisha aoshe panga kabla ya kulirudisha jikoni.